Sabuni Laini ya Bi Chausiku

Nakumbuka Jumatatu moja ya masika, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini na minne, nimesimama mbele ya friji ya maabara na vichupa vitano mkononi na uongo mmoja mdomoni. Uongo wenyewe ulikuwa mfupi: umeme ulikatika. Nani angebisha? Kibaha ya wakati ule umeme ulikuwa ukikatika unavyotaka, na ukirudi hauombi radhi. Niliuona uongo mzuri, uliokamilika, usiohitaji shahidi.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukusimulia, kwa sababu siku hizi nikiongea sana kifua kinanibana, na wewe, Zuhura, ukisikiliza jicho moja liko kwenye simu. Sikulaumu. Ulipokuja Jumapili hapa Misugusugu ukakaa kibarazani na kuvua viatu, jambo la kwanza baada ya shikamoo lilikuwa lawama. "Baba mkubwa, yule mama wa maabara kwetu anatuchosha. Kitu cha saa moja anataka kifanywe siku nzima. Sijui anadhani tuko enzi gani." Mimi nikaguna tu. Wewe ni binti wa marehemu mdogo wangu, nimekulea kwa mikono hii, na jibu nilikuwa nalo palepale. Lakini nilikuwa nimechoka, na jibu lenyewe si la kutolewa huku mtu anatafuna andazi. Basi lichukue hapa. Na kama kuna vijana wengine yatakaowafikia haya, nao ni wanangu, wakae wasome.

Maabara niliyoanzia kazi ilikuwa hapa hapa Kibaha, jengo la chini lenye bati linalolia mvua ikinyesha. Kazi yetu ilikuwa kupe. Unacheka, najua. Lakini mfugaji wa Kisarawe aliyepoteza ndama watatu kwa ndigana, homa inayoletwa na kupe, katika mwezi mmoja hacheki akisikia neno kupe. Wafugaji wale walikuwa wakiogesha ng'ombe wao dawa, na kupe wakazizoea zile dawa kama wewe ulivyozoea pilipili. Mkuu wetu, tuliyemwita Dokta tu, alikuwa na wazo jingine. Katika utumbo wa kupe kuna protini fulani iliyokaa kwenye utando wa seli. Ukiitoa ile protini nzima, ukamchanja nayo ng'ombe, damu ya ng'ombe hutengeneza kingamwili za kuitambua. Kupe akija kunyonya, anainywa ile damu, na damu inamtoboa tumbo kwa ndani. Mnyonyaji anauawa na kile anachokinyonya. Nilipoelezwa mara ya kwanza sikulala vizuri kwa furaha.

Sasa, ili upate utumbo wa kupe lazima mtu ampasue. Kupe mmoja mmoja, chini ya hadubini, kwa sindano na kibanio chembamba, unautoa utumbo wake bila kuuchana na kuuweka kwenye barafu. Aliyekuwa akifanya hivyo ni Bi Chausiku. Alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Kibuta kule Kisarawe, hakusoma zaidi ya darasa la nane la kikoloni, lakini Dokta mwenyewe alikuwa akimwuliza kabla ya kuamua. Alipasua kupe kwa miezi saba mfululizo. Miezi saba, mwanangu, ikazaa vichupa sita vidogo vya utando, kila kimoja chenye ujazo usiofika kifuniko cha chupa ya soda.

Mimi na Bi Chausiku tulikuwa watani. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, na utani huo ni wa tangu mababu zetu waliotembea na mizigo kutoka Tabora mpaka pwani. Akinikuta asubuhi nimechelewa husema, "Nyie mlikuja na mizigo kichwani, wengine hamjaitua mpaka leo, ndiyo maana akili zimebanwa." Nami namjibu, "Na nyie mlitukaribisha kwa ngoma, mkasahau kulima mpaka leo." Tunacheka, kazi inaendelea. Alikuwa akiniita mtani tu. Jina langu nadhani alilijua kwa sababu liliandikwa kwenye daftari la mahudhurio.

Ndiye aliyenifundisha sabuni. Usiniulize vitabu vinasemaje, wewe umevisoma karibuni na mimi nimevisahau. Nakupa alivyonipa yeye. Utando wa seli ni mafuta, na ile protini imekaa ndani ya mafuta, tumbo lake limezoea mafuta. Ukiitoa ukaitia kwenye maji matupu, inaogopa, inajikunja, inashikana na wenzake na kuwa donge lisilo na faida. Kwa hiyo unahitaji sabuni, maana sabuni ina upande unaopenda mafuta na upande unaopenda maji. Lakini sabuni ziko mbili. Iliyo laini inaizunguka protini kiunoni, inashika nafasi ya yale mafuta, na protini inatoka ikiwa na umbo lake. Kali inaingia mpaka ndani, inaifumua kama mtu anavyofumua sweta, na kinachobaki ni uzi.

"Huyu umemkuta kwao," Bi Chausiku aliniambia huku akizungusha kichupa juu ya barafu polepole. "Ukimtoa kwao, mpe pa kukaa. Hii laini inampa pa kukaa. Ile kali inamvua nguo na ngozi, halafu inakwambia chukua mtu wako."

Niliuliza, "Na mpaka lini unazungusha?"

"Mpaka akubali kutoka."

Jibu hilo liliniudhi. Nilikuwa nimetoka chuo na cheti changu kipya, na nilitaka kuambiwa dakika.

Basi katikati ya wiki moja akafiwa na shangazi yake kule Kibuta. Kabla hajaondoka aliniita, akanionyesha vile vichupa sita kwenye friza. "Mtani, ukipenda jaribu kimoja. Kimoja tu. Sabuni laini, barafu, na utulie. Hivi vingine visiguswe mpaka nirudi." Nikasema ndiyo, bibi. Akaondoka na kanga zake mbili za msibani, mimi nikabaki na funguo.

Siwezi kusema sikujaribu. Nilichukua kichupa kimoja, nikafuata kila alilonifundisha. Nikazungusha juu ya barafu mpaka vidole vikafa ganzi. Mpaka saa nane mchana nilichokipata kilikuwa maji yenye ukungu, na nilipopima kwa ile dawa inayogeuka buluu penye protini, buluu yenyewe ilikuwa ya kutafuta kwa jicho. Dokta akapita mlangoni na mkoba wake. "Shija, Ijumaa nakwenda Dar kukutana na wenye mradi. Tuna chochote cha kuwaonyesha?"

Ningesema bado. Neno lenyewe lina herufi nne. Badala yake nikasema, "Tutakuwa nacho, Dokta," na yeye akatabasamu, akanipiga bega. Mwanangu, sifa ni tamu ukipewa kabla hujaifanyia kazi, na inakuwa deni kwako papo hapo.

Ile sabuni kali tulikuwa nayo, kopo kubwa, unga mweupe ukiufungua vibaya unapiga chafya mpaka machozi. Siisemi vibaya. Ina kazi yake, ya kupima uzito wa protini, na huko hutaki umbo, unataka uzi. Nikachota kijiko. Nikatia kwenye kichupa cha pili, hata barafu sikuitumia. Mwanangu, yale maji yalitakata palepale. Hakuna ukungu, hakuna kungoja. Nikapima, buluu ikaja nzito kama wino. Nilicheka peke yangu mle ndani. Nikajisemea kwamba kumbe wazee wanazungusha vichupa siku nzima kwa sababu hawana pa kwenda. Nikavitoa vile vinne vilivyobaki, nikavitia vyote.

Methali ya haraka sitakutajia, maana unaijua, imeandikwa hata kwenye kanga ya mama yako.

Siku ya pili nikafanya jaribio la mwisho, lile la kingamwili. Unaweka protini kwenye vishimo vya sahani, unaiwekea majimaji ya damu ya ng'ombe aliyekwisha kuchanjwa utando mzima wa kupe, halafu unatia dawa ya rangi. Kama kingamwili zimeitambua protini kwa umbo lake, kishimo kinakuwa cha njano. Kama hazikuitambua, kinabaki cheupe. Nikaweka matone yangu ya buluu nzito, kishimo kwa kishimo. Pembeni, kwa ukamilifu tu, nikaweka tone la kile kichupa cha kwanza chenye ukungu.

Vyote vikabaki vyeupe. Nikalaumu dawa, nikalaumu sahani, nikalaumu ng'ombe. Halafu nikaona pale pembeni. Kishimo kimoja, kile cha ukungu, kilikuwa kimeanza kuwa cha njano. Njano hafifu, ya kweli. Na kile kichupa cha ukungu kilikuwa kimekwisha, nilikitumia chote kwa kupimapima. Nilikaa kwenye kigoda. Miezi saba ya Bi Chausiku ilikuwa kwenye vichupa vitano vya maji meupe, nami ndiye niliyeifumua.

Ijumaa Dokta akaniuliza, nikamwambia bado kidogo, akaondoka na uso mrefu. Jumamosi na Jumapili nikaukaanga uongo wangu. Hapo ndipo nilipotafuta njia, na njia ya mwongo, unaijua, ni fupi. Vichupa nikavirudisha kwenye friji, nikangoja.

Jumatatu Bi Chausiku akaja. Amevaa nguo za msiba bado, mkononi mfuko una kipande cha fenesi alichonibebea kutoka Kibuta. "Mtani, mmebaki salama? Nimekuletea tunda, ule upate nguvu za kubeba mizigo."

Nikampa pole ya msiba. Halafu nikavitoa vile vichupa na kusema, "Na sisi huku tumepata msiba wetu, bibi. Umeme ulikatika Jumamosi kutwa nzima. Friji ikapata joto. Vyote vimeharibika."

Alichukua kichupa kimoja akakisogeza machoni, karibu sana, vidole viwili tu kutoka kwenye jicho. Wakati huo sikujiuliza kwa nini anakisogeza hivyo. Chini ya kichupa palikuwa na chengachenga nyeupe.

"Hii nyeupe nini?"

"Ndiyo huo uharibifu wenyewe."

Akakifumba kichupa kwenye kiganja, akasimama nacho. Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Alipofumbua kiganja, chenga zote zilikuwa zimeyeyuka, maji yametakata kabisa. Akakirudisha kwenye ndoo ya barafu, na mbele ya macho yangu zile chenga zikaanza kurudi. Akaniangalia.

"Sabuni laini haigandi hivi. Kali ndiyo inayoganda ikipata baridi. Na hivi niliviacha bila sabuni yoyote. Sasa, Shija Ramadhani, umeme ukikatika unatia sabuni kali kwenye vichupa?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Hata leo naweza kukuambia alisimama wapi. Na mimi mjinga, badala ya kunyamaza, nikashika mlango niliouona karibu. Nikacheka kicheko cha bandia nikasema, "Aa, bibi, nilikuwa nakutania."

"Utani una watu wawili wanaocheka," akasema. "Mimi nacheka?"

Akakaa kwenye kigoda changu. Nilitegemea matusi, maana kwa kawaida ya watani wetu matusi hayana kodi. Hakutukana. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba daktari wa macho alikuwa amemkataza hadubini tangu miezi minne nyuma. Ana presha ya macho, na kila siku anayokaza jicho inampunguzia nuru isiyorudi. Alikuwa amemwomba daktari muda amalize vichupa sita. "Nilisema nikivimaliza hivi naacha. Nilitaka nione hiyo njano kwa macho yangu, mara moja tu, halafu hata yakizima basi."

Mwanangu, nimezika watu wengi, baba yako mmoja wao. Sijui kama kuna siku niliyojiona mdogo kama siku ile.

Nikaanza kulia na kujieleza kwa pamoja, na yeye akanyanyua mkono. "Usinieleze mimi. Dokta akija utamwambia mwenyewe. Mimi sitatia neno. Nitakaa pale nje nakungoja." Na kweli alikaa pale nje, kwenye benchi chini ya upenu, huku mimi naingia ndani na kusema yote, kopo la sabuni kali, kicheko changu, umeme ambao haukukatika. Yule mama angeweza kunikokota mbele ya Dokta, nikatoka kazini nimevunjika, na mpaka leo ningekuwa nawasimulia watu kwamba nilionewa. Alinitoa kwa upole, nikatoka mzima na kweli yangu.

Dokta alitaka kunifukuza, na alikuwa na haki. Bi Chausiku ndiye aliyeingia akasema, "Kosa moja haliachi mke. Lakini kupe apasue yeye."

Basi nikapasua. Mwaka mmoja na ushee. Yeye alistaafu mwezi uliofuata, akarudi Kibuta kwa binti yake Rehema, mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nikabaki na hadubini yake na kigoda chake, shingo inauma, macho yanawasha. Nikaenda Kisarawe kila wiki kuwabandua kupe kwenye masikio ya ng'ombe. Mwanzoni niliwachana matumbo karibu wote. Nilijifunza kwa maumivu kwamba kile alichokifanya siku moja mimi kilinichukua siku mbili. Kila nikipata nafasi nilipita Kibuta kumsalimia. Nilimwomba msamaha mara ya kwanza nimepiga magoti, akaniinua. "Nimekusamehe, mtani, kula muhogo." Utani ukarudi. Akanicheka kwamba sasa nimepata mzigo wa kubeba kweli. Nikadhani mambo yamekwisha.

Siku vichupa vyangu vilipotimia, nikachukua sabuni laini. Nikazungusha juu ya barafu na sikutazama saa. Maji yakatoka na ukungu wake uleule mdogo, nikayapokea hivyohivyo kwa adabu. Kisha nikamwomba Dokta tusifanye jaribio la rangi mpaka Bi Chausiku awepo. Akakubali. Nikamfuata Kibuta mwenyewe, nikamleta pamoja na Rehema. Wakati huo alikuwa hashiki njia bila mkono wa mtu. Jicho moja lilikuwa limezima kabisa, na lingine lilikuwa likiona mwanga na kivuli.

Tukamkalisha kwenye kigoda. Nikaweka matone, nikaweka majimaji ya damu, nikaosha, nikatia dawa ya rangi, kila hatua namwambia. Alikuwa ametulia, mikono mapajani, kanga imekaa vizuri kichwani. Tukangoja. Halafu kishimo cha kwanza kikaja, cha pili, cha tatu, njano, mwanangu, njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

"Njano, bibi," nikasema. "Imekuja. Njano vyote."

Uso wake ulielekea kwangu, yale macho yanatafuta. Nikaona midomo yake inataka kufurahi na haijathubutu. Nikarudia, "Wallahi, bibi, njano."

Akageuka taratibu upande wa pili. "Rehema, mwanangu. Hebu tazama wewe. Rangi gani?"

Rehema akanitazama mimi kwanza, kwa aibu, kama anayeniomba radhi. Halafu akainama kwenye sahani. "Ni njano, mama."

"Kweli?"

"Kweli, mama. Njano kabisa."

Hapo ndipo alipotabasamu. Alilia na kutabasamu, akanyoosha mkono akanitafuta, nikampa wangu, akaubana. Akasema, "Usione vibaya, mtani. Msamaha nilikupa zamani na sijaurudisha. Lakini hii nimeilipia kwa macho yangu. Sikuweza kuipokea kwa mdomo wako peke yake."

Nikasema, "Ni haki yako, bibi." Na ilikuwa haki yake. Dokta, aliyekuwa amesimama nasi, alitugeuzia mgongo kwa heshima, akajifanya anaandika.

Utaniuliza chanjo iliishia wapi. Tuliwachanja ng'ombe wachache, kupe wakapungua kwao, tukafurahi. Halafu mradi ukafungwa, Dokta akahamishwa, friza ikaharibika, mambo yakafa kama yanavyokufa mengi hapa kwetu, bila mtu kutangaza kifo. Haikufika dukani. Bi Chausiku alifariki miaka mingi baadaye huko Kibuta. Nilikwenda kumzika, na watani wenzangu wakafanya utani wao wa makaburini kama desturi inavyotaka. Mimi nilibeba jeneza tu.

Nimechoka, mwanangu, na mkono unauma, kwa hiyo nasaha yangu nitaisema wazi usije ukaitafuta katikati ya maneno.

Yule mama anayewachosha huko maabara, kaa karibu naye. Usimwulize dakika, tazama mikono yake. Mwulize pia macho yake yanaonaje, maana wazee wengi wanafanya kazi zenu huku wanaficha maradhi, na hakuna anayewauliza. Ukiwa na kitu kilichokaa vizuri mahali pake, protini au mtu au siri ya mtu, na kazi yako ni kukitoa, usikimbilie kilicho kikali kwa sababu matokeo yake yanaonekana haraka. Kingi kilichofumuka si mali. Kidogo chenye ukungu kinaweza kuwa ndicho chenyewe. Bora umwambie mkubwa wako "bado" mara kumi, akasirike mara kumi.

Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, sema siku hiyohiyo. Usisingizie umeme, usisingizie mtandao, usisingizie mashine. Sikwambii haya kwa kuogopa adhabu. Adhabu yangu ilikuwa kupasua kupe, na kupe walikwisha. Nakwambia kwa sababu msamaha mtu anakupa kwa siku moja, kuaminiwa hakupi mtu kwa siku moja, na huwezi kujua ni lini mtu unayempenda atakaa gizani mbele yako akikutegemea umwambie kilichopo. Siku hiyo ikifika, neno lako liwe zima. Asihitaji kumgeukia mwingine amwulize.

Mungu akupe mikono yenye subira, Zuhura, na wenzako wote mnaovaa makoti meupe huko Kibaha. Akulindie macho yako mpaka uzee wako. Akupe ulimi ambao kipofu ataushika kama fimbo na asijikwae. Mimi baba yako mkubwa nimekuwia radhi kwa yote uliyonikosea na utakayonikosea. Nenda kazini kwa amani, na kesho asubuhi mwamkie yule mama kabla hajakuona.